Kabla Mate ya Bibi Hayajakauka

Daktari amenipa dawa za aina mbili, za kumeza na za kutembea. Za kumeza hazinisumbui, nazinywa asubuhi na chai. Za kutembea ni nusu saa kila siku, "na bila kusimamasimama njiani, mama," alinisisitizia, maana presha yangu imeota kiburi tangu nistaafu. Mwanangu akaninunulia raba nyeupe na saa ya mkononi inayohesabu hatua. Mimi mtu wa miaka sitini na ushee nikajikuta kama mtoto anayeanza darasa la kwanza, viatu vipya na woga juu yake.

Basi nilipokuja nyumbani Kamachumu mwezi uliopita kuangalia kibanja chetu, raba nilikuja nazo. Kibanja, kwa wewe usiyetoka kwetu, ni shamba la migomba na mibuni linaloizunguka nyumba. Ukitoka mlangoni hatua tatu umeshaingia kivulini. Asubuhi ya kwanza nikafunga kamba za raba, nikavaa saa, nikashika njia ya shuleni. Utotoni njia hiyo ilikula saa nzima, si kwa urefu wake bali kwa salamu. Safari hii nilitumia dakika kumi na mbili. Kijana mmoja alinipita mbio, masikio ameyaziba na vile vidude vya muziki, akaninyooshea kidole gumba na kupotelea kwenye kona. Kidole gumba! Nilisimama palepale, kinyume na amri ya daktari, nikacheka peke yangu mpaka mama mmoja aliyekuwa anafagia uwanja wake akaniuliza kama nina shida.

Sina shida, nilimjibu. Nimekumbuka tu mbio nilizoshindwa kwenye kona hii kwa sababu ya kupiga magoti.

Miaka ninayoisema Uhuru ulikuwa haujazeeka, na ujamaa ulikuwa umeshatufikia kwa redio, kwa mikutano na kwa jembe. Nilikuwa darasa la tano. Niliishi na bibi, mama mzaa baba, kwa sababu baba alifanya kazi kwenye kituo cha utafiti wa kahawa na migomba huko Maruku na mama alikuwa naye. Bibi hakutaka kuachwa peke yake na kibanja, kwa hiyo mimi nilitolewa nikawe miguu yake. Lakini wee acha tu, miguu ya bibi ilikuwa mizima kuliko yangu. Alikuwa mfupi, mkavu, na shingo imenyooka sawasawa kutokana na miaka ya kubeba kichwani. Sikuwahi kumwona amekaa bila kumenya, kusuka au kupembua kitu. "Mwili usiotoka jasho huota ukungu," alikuwa akisema, na nilipokuwa mtoto niliamini kabisa kwamba nikilala mchana nitaamka na manyoya ya kijani mgongoni.

Kwetu hapakuwa na saa. Bibi alipima muda kwa mate. Akitaka kunituma chemchemini au dukani, aliniita uwanjani, akatema mate juu ya jiwe bapa lililokuwa karibu na mlango, akanionyesha kwa kidole cha mguu. "Nenda, urudi kabla haya hayajakauka." Nami nilitoka nduki. Sikujua litanipata jambo gani yakikauka, na bibi hakuwahi kusema, na hapo ndipo ilipokuwa nguvu yake. Shuleni tulifundishwa kwamba haraka haraka haina baraka. Nikajaribu siku moja kumwambia hivyo. Akafikiri kidogo, akasema aliyetunga maneno hayo hakuwahi kuanua kahawa mvua ikiwa imeshafika kwa jirani.

Sasa, rafiki yangu, mate hayakauki sawa mwaka mzima, na ukitaka kujua tulivyokuwa tukiishi, anzia hapo. Kiangazi, kuanzia mwezi wa sita, jiwe lilikuwa la moto kufikia saa nne asubuhi, na mate yalidumu muda wa Baba Yetu mbili na Salamu Maria moja. Ndio wakati huohuo chemchemi ilipungua, ikabidi ushuke mpaka chini kabisa bondeni, ukinge maji kwa kibuyu kidogokidogo, kisha upande kilima na chungu juu ya ngata usimwage hata tone. Ndio wakati huohuo pia kahawa iliiva. Tulichuma tangu umande haujakauka, tukaianika kwenye mikeka, tukaigeuza mchana, tukaianua jioni, na kijiji kizima kilinuka kahawa inayokauka, harufu tamu yenye uchachu ambayo mpaka leo ikinipata sokoni nasimama. Mchana tulikula ndizi na maharage kutoka chungu kimoja kilichofunikwa kwa majani ya mgomba, na bibi aliniangalia ninavyokula akihesabu tayari kazi ya jioni.

Kazi ya jioni ilikuwa majani. Nyumba yetu haikuwa na saruji; tulitandika sakafuni majani mabichi yaliyokatwa kule rweya, yale maeneo ya nyasi yaliyo wazi nje ya vibanja. Ujamaa ulipokuja, sehemu nzuri ya rweya iliyokuwa karibu ililimwa shamba la kijiji, na kila Jumamosi tulikwenda huko wote, wazee kwa watoto, majembe begani. Bibi alilima akawaacha wanaume wawili nyuma na akawaambia hivyo. Ila sasa majani ya kutandika akayafuata mbali, nyuma ya kilima cha pili, na alirudi na mzigo mkubwa hata ukimwona kwa mbali unaona kichaka kinachotembea kwa miguu miwili.

Mvua za mwezi wa tisa zikianza, mchezo wa mate ukabadilika. Yalikaa, yakachanganyika na manyunyu, na mimi nikagundua mwanya. Nikienda chemchemini nilikaa kwanza juu ya gamba la mgomba nikateleza kilima chote mpaka chini, nikarudi juu, nikateleza tena, nikafika nyumbani na tope mpaka masikioni na mate bado mabichi. Bibi alivumilia siku mbili. Ya tatu akatema kwenye jiwe la jikoni, karibu na moto.

Na mwezi wa kumi na moja walikuja senene, wale panzi wa kuliwa. Alfajiri, ukungu haujapanda, tulikimbia rweya na vikapu, tukawaokota kwenye nyasi wakiwa wazito kwa umande, mikono ikiganda kwa baridi. Siku hizo hakuna aliyehitaji kuamshwa. Bibi aliokota haraka kuliko wote na hakuwala hata mmoja, maana kwa desturi waliyokulia wao, mwanamke huwakusanya na mwanamume huwala. Mimi niliwapenda kufa. Hakuniruhusu wala hakunikataza. Wakishakaangwa, alikuwa ananipa mgongo, anainamia moto na kuuchokoa hata kama hauna tatizo lolote, na huo mgongo ndio uliokuwa ruhusa yangu. Nikijaza kiganja, nikatafuna, nikafuta mdomo, bibi aligeuka na kuuliza mbona bakuli limepungua.

Lakini kitu kimoja bibi hakukifumbia macho, nacho ni salamu. Mtoto wa kike akikutana na mkubwa njiani anasimama, anapiga magoti, anaamkia, anaulizwa habari, anajibu, na haondoki mpaka aambiwe nenda. Kama mkubwa amekupa mgongo, husalimu. Kumsemesha mtu mgongoni ni utovu wa adabu, unasubiri ageuke au unapita kimya. Nilijua sheria hizo kabla sijajua kuhesabu. Magoti yangu yalikuwa na ngozi ngumu kama visigino.

Halafu akaja mwalimu wa michezo. Alikuwa kijana kutoka upande wa pili wa ziwa, hajui Kihaya, ana filimbi shingoni na kaptura iliyonyooshwa pasi. Alituanzishia mchakamchaka alfajiri. Tulikimbia mistari miwili kuzunguka vibanja tukiimba, pumzi zinatoka kama moshi, umande unatuchapa miguu, na mbwa wote wa Kamachumu wanatusindikiza. Bibi alituona tunapita akasimama na ufagio mkononi. "Hao wanafukuzwa na nani?" aliniuliza jioni. Nikamwambia ni mazoezi, waitu, kama tunavyomwita mkubwa kwa heshima, ili tuwe na afya tulijenge taifa. Akaniambia mtu anayekimbia bila mzigo ama ameiba ama ametibua nyuki.

Mwalimu aliniona mapema. Nilikimbia kichwa kimetulia tuli, kama vile kuna chungu juu yake, na nyayo zikigusa chini kidogo tu. Alijaribu kunifundisha kuchapa mikono na kuinama mbele, nikawa najikwaa. Mwishowe akakata tamaa. "Haya, kimbia na chungu chako," alisema, na kutoka siku hiyo darasa zima likaniita Chungu.

Mwishoni mwa kiangazi akatangaza mbio za nyika za shule. Wasichana watatu wa kwanza wangekwenda Bukoba mjini kwenye mashindano. Mimi Bukoba sikuwa nimeiona, wala meli, wala ziwa kwa karibu, lakini si hayo yaliyonikosesha utulivu. Maruku ni karibu na mjini. Nilimwandikia mama barua, naye akajibu kwamba nikichaguliwa atakuja uwanjani kuniona. Nilikuwa sijamwona tangu Krismasi. Ile barua niliiweka chini ya mkeka wangu na kuisoma mpaka ikachanika kwenye mikunjo.

Siku ya mbio nilikunja sketi nikaifunga kwa kamba ya mgomba. Njia ilitoka shuleni, ikashuka chemchemini, ikapanda katikati ya vibanja na kurudi uwanjani. Filimbi ikalia. Kushuka nilikwenda na wenzangu. Kupanda, rafiki yangu, kilima kile nilikuwa nimekipanda na maji kichwani kila siku ya maisha yangu, na kukipanda mtupu niliona kama natelemka. Nikawaacha. Nilisikia vishindo vyao vinafifia nyuma. Nikafika kwenye kona ya mzee jirani yetu, na mbele yangu nikaona kichaka kinakuja kwa miguu miwili.

Sikufikiri. Mtu hafikirii kabla ya kupiga chafya. Magoti yalikunjika yenyewe kwenye vumbi, nikamwamkia bibi.

Bibi akasimama na mzigo wake, akaitikia polepole inavyotakiwa. Akauliza nimeshindaje. Nikasema salama, waitu. Akauliza mwalimu hajambo. Hajambo, waitu. Akauliza chemchemi inatoa maji au imezidi kupungua. Akanikumbusha nikifika nyumbani nigeuze maharage yaliyoanikwa. Mimi natweta, machozi yananilenga, na siwezi kuinuka. Wale walionifuata hawakuwa wajinga. Waliponiona kwa mbali nimepiga magoti walijua pale pana mkubwa, wakachepuka kwenye mibuni ya mzee jirani, wakapita wameinama na kutokea mbele yangu. Mmoja. Wawili. Wa tatu alipopita ndipo bibi aliposema, "Haya, nenda."

Nikafika wa nne.

"Ulianguka?" mwalimu aliniuliza.

"Hapana, mwalimu. Nilimsalimu bibi."

"Ulisimama?"

"Nilipiga magoti."

Akaketi chini kwenye nyasi na kaptura yake ile ya pasi. Alianza kukasirika, akashindwa, akacheka, akaacha kucheka aliponiona usoni. "Si ungemsalimu huku unakimbia, jamani?"

Jioni sikugusa ndizi. Bibi akauliza, akauliza tena, ndipo yote yakanitoka pamoja, mbio, barua, mama, uwanja wa Bukoba, na kwamba yeye ndiye aliyenizuia. Nikamwambia pia alivyosema mwalimu. Bibi aliendelea kumenya ndizi za kesho.

"Salamu ya kukimbia ni ya mwizi," akasema. "Mjukuu wangu hawezi kunipita kama mbuzi."

Nilimchukia wiki nyingi. Nilimchukia nikiwa namchotea maji, nikimsugua mgongo, nikimsomea herufi zake za darasa la watu wazima, alikokuwa anakwenda Jumanne na Alhamisi na kurudi na vumbi la chaki kwenye khanga. Mpaka senene wakaja, na mtu hawezi kula senene na chuki kwa wakati mmoja.

Ila mwaka ule alinituma kuliko kawaida. Sikuelewa. Chumvi bado ipo, natumwa chumvi. Jirani hajaomba kitu, napewa kitu cha kumpelekea. Baada ya Krismasi, wakati mama alipokuja siku tatu na kuondoka, na ule ukavu mfupi wa mwezi wa kwanza ulipokausha jiwe, bibi alitema mate na kunituma mpaka kilima cha pili. Nilirudi mapema siku moja kwa kupitia mibuni, na kabla sijatokeza uwanjani nikamwona. Aliangalia jiwe, akaangalia njia, akainama na kutema upya. Kisha akachukua ufagio kama hakuna lililotokea. Nilirudi nyuma hatua kumi, nikaingia kwa kishindo, naye akalitazama jiwe na kusema, "Kidogo tu ungechelewa."

Masika yakapita na utelezi wake, tukapalilia, tukapanda, tukaugua mafua, tukapona. Kiangazi kikarudi na kahawa. Nilikuwa nimerefuka, nikakimbia mchakamchaka wa darasa la sita nikiwa mbele ya wavulana, na mama akaandika tena, neno kwa neno kama mwaka uliopita, kwamba atakuja.

Jioni ya kuamkia mbio nilipiga moyo konde. Nilikuwa nimelala na swali hilo miezi. "Waitu," nikamwambia, "kesho nikikukuta njiani nifanyeje?"

Bibi alikuwa anafunga ngata yake. "Utafanya ulivyofundishwa," akasema.

Nikajua basi tena. Si yeye tu. Njia ile ilikuwa na wazee kila kona, na hata nikimkwepa bibi, nitamkwepa nani mwingine. Asubuhi nilipoamka hakuwepo, na mundu haukuwepo ukutani.

Filimbi ikalia. Nikashuka, nikapanda, nikawaacha wenzangu kama mwaka uliopita, na moyo ukawa unanienda mbio kuliko miguu, maana nilijua kona inakuja. Nikamwona kwanza mzee jirani. Alisimama ukingoni mwa kibanja chake, uso kwenye mbuni, mgongo njiani, akichuma kahawa. Nilipita kimya, kama sheria inavyosema. Hatua ishirini mbele ndipo nilipokumbuka kwamba kahawa ilikuwa imekwisha kuchumwa, na ule mbuni haukuwa na hata punje.

Mbele yake alikuwepo katekista, mtu mkali ambaye salamu zake zilikuwa na maswali ya katekisimu ndani. Alikuwa ameukazia macho mgomba, mikono nyuma, kama vile anasoma tangazo. Nikapita. Halafu wanawake watatu wa darasa la watu wazima, wamejipanga wameuelekea ua, na mmoja mabega yanamtikisika kwa kicheko. Nikapita. Njia nzima ya Kamachumu ilikuwa migongo mitupu. Wazee ambao hawakuwahi kuniachia hata neno moja la salamu walikuwa wanaangalia majani.

Wa mwisho alikuwa bibi. Alisimama pembeni na mzigo wa majani kichwani, uso kwenye kibanja cha watu, hatikisiki. Nilitaka kusimama. Nakuambia kweli, nilitaka kusimama pale nimkumbatie na majani yake, na magoti yalianza kukunjika. Kisha nikaukumbuka ule mgongo wa jikoni, siku za senene. Nikaelewa, nikapita, nikakimbia nikilia mpaka uwanjani, na mwalimu akadhani nimechomwa na mwiba.

Nilikuwa wa kwanza. Bukoba tulikwenda kwa lori, tumesimama, upepo wa ziwa ukatupokea kabla ya mji wenyewe. Kule nilikuwa wa sita, maana nchi ina watoto wengi wanaotumwa maji. Lakini mama alikuwepo kando ya uwanja na kitambaa cha njano kichwani na ndizi mbivu ndani ya kikapu, anaita jina langu bila kujali nani anamwangalia. Nilikula ndizi nne nikiwa nimeegemea bega lake. Mpaka leo sijapata medali inayozidi ile.

Lakini nirudi jioni ya zile mbio za shule. Bibi alikuja nyumbani, akatua mzigo, akaanza kutandika majani mapya sakafuni. Nilimsaidia. Nyumba ikanuka rweya.

"Majani yalikuwa mengi leo, waitu," nikasema.

"Yalikuwa mengi."

"Hukuniona nilivyopita?"

"Nitakuonaje nami nilikuwa nimekupa mgongo?" Akanyoosha fungu la majani kwa kiganja, taratibu. "Nilikusikia. Walipita wengi, wote miguu yao mizito. Wewe ulitangulia."

Basi, hatukulizungumza tena. Tulikuwa watu wa namna hiyo.

Miaka mingi baadaye tulipomzika, mzee jirani, naye wakati huo amebaki mifupa na masihara, ndiye aliyenisimulia lililobaki. Wiki nzima kabla ya mbio bibi alipita nyumba kwa nyumba. Aliwaambia hivi: sheria haivunjwi, mtoto hatampita mkubwa bila salamu, ila asiyeonyesha uso hasalimiwi, anayetaka kusalimiwa siku hiyo akasalimiwe kwake. Katekista alibisha, bibi akakaa mlangoni kwake mpaka akakubali. Na siku yenyewe alifika pale njiani mapema, kabla ya filimbi, akasimama na mzigo kichwani muda wote huo. Mzee jirani alimwambia autue apumzike, watoto bado hawajaja. Bibi alikataa. Alisema bila mzigo kichwani shingo itamshinda, atageuka kuniona.

Siwezi kukueleza nililia vipi matangani, tena si kwa huzuni tupu.

Siku hizi nyumba zetu zina saruji na vigae, hakuna anayefuata majani kilima cha pili. Maji yako uani, ukifungua bomba yanatoka yakipenda. Mibuni imezeeka, mingine imeng'olewa, na senene watu huwategea kwa taa kali na mabati. Sikulaumu mtu, maji ya bomba nayapenda, na goti langu la kushoto halingekubali kupigwa chini mara thelathini kwa siku. Watoto wananiamkia shikamoo wakiwa wanapita, nami naitikia marahaba kwa migongo yao. Jiwe la bibi bado lipo karibu na mlango. Jana nilitema mate juu yake, nikaangalia huku na huku kwanza kama kuna mtu, nikaenda mpaka shuleni na kurudi. Yalikuwa yamekauka zamani.

Leo asubuhi nilikuwa kwenye ile kona, saa inahesabu, nikasikia mtoto anakuja mbio nyuma yangu, mkoba unamgonga mgongoni, kengele ya shule inalia. Pengine angenisalimu, pengine asingenisalimu. Nilisogea pembeni, nikaugeukia mbuni wa mzee jirani, nikawa naangalia majani yake kama mtu mwenye kazi. Shingo ilinisumbua kweli, maana sikuwa na mzigo. Nikaishikilia hivyohivyo, nikasikiliza miguu yake ikipita.

Ilikuwa miepesi.